Kichwa cha Ubao

Injini ya Ratovo ilipanda mpaka kijijini kwetu Ifarihy mabegani mwa wanaume wa vijiji viwili, imefungwa kwa kamba kwenye nguzo mbili ndefu. Barabara ya magari ilikomea mbali, dukani kwa Rabenja mfanyabiashara wa mchele, na kutoka pale mpaka kwetu ilikuwa njia ya miguu, inapanda kilima, inashuka, halafu inapanda tena kana kwamba imesahau kitu juu. Walipofika kwenye jabali la kupumzikia walitua mzigo wakafuta jasho. Mmoja wao akauliza swali ambalo kwetu huulizwa juu ya chochote kinachobebwa na watu wengi, iwe nguzo, iwe maiti.

"Ratovo, kichwa chake kiko wapi?"

"Cha nani?"

"Cha huyu tuliyembeba."

"Hiyo ni injini," Ratovo akasema. "Haina kichwa."

"Kila kitu kina kichwa, bwana. Hatuwezi kuiingiza kijijini matako mbele. Tutachekwa mpaka wajukuu."

Ratovo akaonyesha bomba la moshi, ili mradi safari iendelee. Wabebaji wakatazamana. Bomba la moshi lilikuwa nyuma. Wakaanza kuigeuza pale pale kwenye njia nyembamba, korongo upande huu na jabali upande wa pili, na kazi hiyo ikala muda mrefu kuliko kilima chote, tena mtu mmoja akapoteza ukucha. Ratovo alikaa pembeni amenuna. Aliona anacheleweshwa na ujinga. Swali lile lilikuja kumsumbua sehemu kubwa ya maisha yake, na huwezi kusema halikumpa onyo.

Ilikuwa miaka ile Wafaransa walipokuwa wakifungasha virago. Mambo makubwa yalitokea barabarani, sisi tuliyasikia yakiwa yamepoa. Ratovo alikuwa ametoka kufanya kazi katika kiwanda kikubwa cha mbao huko chini, kwenye msitu wa mashariki. Aliacha huko kidole kimoja na akarudi na wazo moja, na wapo waliosema alipunjwa.

Wazo lenyewe lilihusu nyumba yake. Kwetu nyumba haijengwi ikaisha. Kijana akioa husimamisha nguzo tatu za kati, akaezeka, akazungushia mianzi iliyosukwa, akawasha moto jikoni, na ndoa imeanza. Ni nyumba changa ya watu wachanga. Mwanga wa moto unaonekana nje, na maneno ya ndani yanamfikia jirani. Mtoto akizaliwa, baba anaingia msituni na shoka, anachonga ubao, anatoa kipande cha mwanzi na kuweka mti mgumu mahali pake. Mwaka mwingine tena. Tunasema nyumba inaota mifupa. Wenyewe wakifika uzeeni hakuna mwanzi hata mmoja uliobaki, na kuta zina nakshi toka chini mpaka juu. Kwa hiyo mtu akitaka kujua ndoa ya fulani inakwendaje, haulizi. Anapita anatazama ukuta.

Ukuta wa Ratovo ulikuwa mwanzi mtupu. Ravola mkewe alikuwa ameshamzalia Vony, Vony ameshaanza kukimbiza kuku, na wanaume wa rika la Ratovo walikuwa wamemaliza upande wa upepo na kuanza wa pili.

"Baba Vony," Ravola alimwambia jioni moja, "mtoto anakohoa. Ungeweka hata mbao mbili upande wa upepo."

"Mbili," Ratovo akasema. "Mama Vony, huko chini nimeona gogo linaingia kwenye msumeno, mtu anasokota sigara, na kabla hajaiwasha gogo limeshakuwa mbao, na zote zinafanana. Nikileta mashine hapa nitakujengea kuta zote kwa wiki moja. Siwezi kuhangaika na shoka kama mtu anayechota mto kwa kijiko."

"Wiki moja ya lini?"

Aliyeuliza hakuwa Ravola. Alikuwa Rabao, mwanamke jirani, aliyekuwa nje kwake akimenya magimbi.

"Mama, tunaongea ndani," Ratovo akasema.

"Ongeeni tu, mwanangu. Mimi nasikiliza."

Ndipo Ratovo alipoteremka barabarani kuzungumza na Rabenja. Wakawa washirika. Rabenja alitoa injini na msumeno wa duara, Ratovo akatoa maneno.

Kiwanda kilisimama kando ya kijito, chini ya paa la mianzi. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza moshi ulijaa bondeni, kuku wa Rabao wakaacha kutaga, na Rabao akaja kumpa Ratovo taarifa hiyo ana kwa ana. Gogo la kwanza likapita. Mbao zikatoka upande wa pili zimenyooka, unene mmoja, na vijana wakazipanga kwenye rundo lenye kingo kali kama mche wa sabuni. Watu walikuja kuzitazama. Walizipapasa, wakazinusa, wakasifu, wakarudi makwao mikono mitupu. Ikawa hivyo wiki ya kwanza na wiki ya pili, na rundo likazidi kukua.

Ratovo hakuelewa mpaka alipokuja baba mkwe wake. Mzee Ramaro alikuwa mchonga nakshi kijiji cha ng'ambo, mtu wa maneno machache, na nyumba yake ilikuwa imekomaa kiasi kwamba ukiegemea ukuta unahisi umeegemea ng'ombe aliyelala. Alilizunguka rundo mara moja, akachomoa ubao mmoja, akausimamisha mbele yake.

"Baba Vony, juu ni wapi?"

"Juu ya nini, mzee?"

"Ya huu."

Ratovo akatazama ncha moja, akatazama ya pili. "Hiyo ni kazi ya msumeno, mzee. Pande zote sawa. Unaweza kuusimamisha hivi, unaweza kuusimamisha hivi."

Ramaro akaugeuza, akautazama hivyo pia, akaulaza taratibu juu ya wenzake.

"Mti ulikuwa na mizizi," alisema.

"Ulikuwa nayo."

"Sasa mtu aende akausimamishe kichwa chini miguu juu, halafu alale humo na mke wake."

Jambo hilo Ratovo alilijua, alizaliwa nalo. Ubao husimama kama mti ulivyosimama, shina chini na kilele juu, la sivyo nyumba haikomai na waliomo hawatulii. Ila mwenye shoka hahitaji kulikumbuka. Mti mmoja humpa mbao mbili, anazibeba mwenyewe begani mpaka nyumbani, na kitako cha kila ubao anakijua kama anavyoijua miguu ya mwanawe. Huko mashariki mbao zilikuwa zinapakiwa melini na hakuna aliyeuliza. Ratovo alikuwa amekaa na msumeno mpaka akasahau kwamba mti una miguu.

"Basi ziwe za sakafu," alisema. "Sakafu imelala. Haina juu wala chini."

"Wewe ukilala huna kichwa?"

"Ninacho."

"Unakielekeza wapi?"

"Mashariki."

"Na ubao je?"

Ramaro akavaa kofia yake ya ukindu akaenda kumsalimia mjukuu. Alikaa ndani ya ile nyumba ya mianzi muda mfupi tu, akatoka bila kusema lolote juu ya kuta. Ratovo angependelea atukanwe.

Aliyemwokoa ni mkewe, na hakumwomba ruhusa. Asubuhi moja Ravola alifika kiwandani, Vony nyuma yake, amebeba chungu cha udongo mwekundu uliokorogwa. Aliwauliza wachukuzi shina la gogo ni upande gani, akakipaka kitako chote udongo mpaka kikaiva. Gogo lilipopita kwenye msumeno, kila ubao ukatoka na mguu mwekundu. Kisha akawaondoa vijana upande wa pili, akazipokea mbao yeye mwenyewe moja moja na kuzipanga, kisu chake cha kuchania mianzi kimechomekwa kiunoni kama siku zote.

Watu wakaja. Mashine hawakuiamini, walimwamini Ravola, kwa kuwa alikuwa binti Ramaro na hakuna aliyewahi kumwona akibahatisha. "Hizi amezipokea Ravola?" walikuwa wakiuliza, na wakiambiwa ndiyo, wanabeba. Kwa miezi kadhaa kiwanda kikawa na heshima zake. Nyumba kadhaa zikapata kuta ambazo wenyewe wangezipata uzeeni. Ratovo akanunua kofia ya pama, akaanza kusema "kampuni", akiwa na maana ya yeye na injini.

Na kila rundo lilipomalizika kupangwa, Ravola aliuliza swali moja.

"Hizi za nani?"

"Za watu wa kule mlimani. Zetu zinafuata, Mama Vony. Mwenye kiwanda akijihudumia kwanza watu watasema."

"Watasema nini?"

"Watasema."

Basi mchana kutwa Ravola akawa anapaka miguu ya nyumba za watu, na jioni anarudi kulala kwenye upepo.

Mahindi yalipokauka shambani akaja Ralita, kaka yake Ravola. Hakupiga hodi mlangoni. Alipenyeza kidole kwenye ukuta wa mianzi mpaka kikatokea ndani, karibu na sikio la Ratovo.

"Hodi, shemeji. Nimekosea? Maana mlango na ukuta hapa sivitofautishi."

"Karibu, shemeji. Toa kidole."

Ralita akaingia, akakaribishwa maharage, akala, akafuta mdomo. "Baba anakuja baada ya mavuno," alisema. "Amesema anakuja kumwona binti yake ndani ya nyumba. Akimkuta bado yumo ndani ya tenga, anarudi naye nyumbani, yeye na mtoto."

"Amesema hivyo?"

"Amesema maneno machache zaidi, si unamjua. Tenga nimeongeza mimi."

Alipoondoka, Ratovo alimgeukia mkewe, aliyekuwa akikwangua chungu.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mtoto wa Ramaro. Nikiitwa kwetu nitaitika."

"Hata kama unapenda kubaki?"

"Sijawahi kusema sipendi, Baba Vony. Nimesema nasikia baridi."

Nje, Rabao akakohoa kwa namna ya kuunga mkono. Ratovo aliogopa. Alimpenda mkewe, jambo hilo halikuwahi kuwa na shaka hata kwa Rabao, aliyekuwa na ushahidi wa kutosha, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwamba mtu anaweza kupenda vizuri kabisa na bado akaachwa kwa ajili ya ukuta.

Alikataa kazi za watu wote. Akapitisha magogo yake mwenyewe, Ravola akapaka vitako na kupokea mbao, na rundo la nyumba yao likapangwa uwanjani, mbele ya kiwanda. Kisha Ravola na Vony wakahamia kibanda cha shambani kuvuna na kufukuza nguruwe mwitu, na Ratovo akabaki kulinda kiwanda. Mvua ikaja isiyo ya msimu. Paa la kiwanda lilikuwa linavuja, na turubai lilikuwa moja tu. Ratovo alilinyakua, akakimbia nalo, akafunika injini.

Hakufikiri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Mkono ulikwenda wenyewe. Alikaa chini ya turubai pamoja na injini mpaka mvua ikakatika, akatoka, akakuta maji mekundu yanatiririka kwenda kijitoni na mbao zake zimetakata ncha zote mbili.

Wajenzi walishaitwa kwa kesho yake, na Mzee Ramaro alitarajiwa keshokutwa. Kumwita Ravola ingekuwa kumweleza habari za turubai. Halafu angefanya nini yeye? Ubao uliooshwa umeoshwa. Ratovo akakoroga udongo. Akaokota ubao wa kwanza, akatazama ncha hii, akatazama ile, akapaka moja. Mwanzoni alitafuta sababu, hapa pana fundo, hapa pamepanuka kidogo. Alipofika katikati ya rundo alikuwa anapaka ncha iliyo karibu na mkono.

Kesho yake Ravola alirudi kutoka shambani na kusimama kwenye rundo, maana kutoa mbao ilikuwa kazi yake. Anashika ubao, anauinamia, anaukabidhi kitako mbele, na mjenzi anakiingiza kitako kwenye mfuo uliochimbwa katika boriti ya chini. Udongo wa Ratovo ulikuwa haujakauka. Kabla ya mchana ulikuwa umeshika mikono ya kila mtu na ncha zote za mbao, na hakuna mjenzi aliyejali, kwa sababu aliyekuwa akitoa ni Ravola. Ratovo alishika nyundo ya mti akawa anagonga anapoambiwa gonga. Kila ubao ulioingia mfuoni alihisi umemwingia yeye.

Mzee Ramaro alifika nyumba imefungwa pande zote. Gongo la miwa likamwagwa kidogo kwenye pembe ya mababu, ile kona ya kuwaombea, maneno yakasemwa, watu wakanywa. Ralita alitembea ukutani akitafuta pa kupitisha kidole, akakosa, akakaa chini na kikombe. Ramaro aligonga ukuta kwa konzi, akasikiliza.

"Imesimama," alisema. Kisha akaongeza, "Nyembamba."

Akarudi kwake peke yake. Ravola akabaki. Ratovo alikuwa amepata alichokuwa akikitaka na hakuweza hata kucheka.

Kiwanda hakikuishi sana baada ya hapo. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha, na ya mbali ilibidi ikokotwe mabonde mawili mpaka ilipo mashine. Watu walifanya hivyo mara moja, wakarudia mara ya pili, kisha mmoja akauliza kwa nini tubebe mti mzima kuupeleka kwa Ratovo, gome, maji na yote, wakati tukiuchonga ulipoangukia tunabeba ukuta tu. Watu wakaanza kuchonga huko huko msituni. Rabenja alipopanda kuja kuona kulikoni alimkuta mshirika wake amekaa kwenye unga wa mbao, injini baridi. Akasema anachukua injini yake, na Ratovo hakumbishia. Injini ikafungwa tena kwenye nguzo mbili, wanaume wale wale wakaibeba, safari hii bomba la moshi mbele toka mwanzo, ikaenda kukoboa mchele barabarani, ambako nasikia ilikuwa na maisha marefu. Tangu ilipoingia mpaka ilipotoka, Vony hakuwa amebadilisha hata jino.

Huku nyuma Ratovo alibaki na nyumba. Vony akikohoa, anatazama ukuta. Maharage yakiungua, anatazama ukuta. Ravola akinyamaza kidogo kuliko kawaida, naye alikuwa mtu wa kunyamaza, Ratovo anatoka nje kuzunguka nyumba kama anayetafuta mlango. Aliamini amemlaza mkewe ndani ya msitu uliosimama kichwa chini, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Mwaka uliofuata alichukua shoka la baba yake, akalinoa, akaingia msituni. Alikaa huko siku kadhaa. Akarudi na ubao mmoja begani, mzito, umechongwa kwa tezo, kitako mbele. Akang'oa ubao mmoja wa msumeno upande wa upepo, akaweka huo.

"Kulikuwa na shida gani na ule?" Ravola akauliza.

"Mbao za msumeno ni nyembamba. Baba yako alisema."

"Alisema kweli," Ravola akajibu, akaenda kumletea maji ya kunawa.

Mwaka mwingine akaweka wawili. Watu walimcheka. Mwenye kampuni alikuwa akibomoa ukuta mzima, mzima kabisa, na kuujenga upya kwa kijiko. Ralita alipanda kutoka kwao makusudi kuja kutazama, akasema amewahi kuona watu wakitoa mianzi kuweka mbao, lakini kutoa mbao kuweka mbao ni mara ya kwanza. Ratovo aliendelea kuchonga. Watoto wengine wakazaliwa, mabega yake yakazoea, na mikono ikarudia kitu ambacho ilikijua kabla ya kwenda mashariki. Ubao wa pembe ya mababu alimaliza majira yote ya baridi akiutia nakshi, miraba na mizinga ya nyuki, mpaka Mzee Ramaro, aliyekuwa haoni vizuri tena, akaupapasa kwa vidole akauliza nani amechonga.

Mbao alizong'oa hakuzitupa. Alizijengea banda la kuku, ambako kichwa cha ubao hakina maana. Na kila alipochomoa mmoja kwenye mfuo wa chini alikuta kitu kile kile, pengo dogo kwenye pembe, kana kwamba umemegwa.

"Panya wa nyumba hii wana adabu," alimwambia Ravola siku moja. "Kila ubao wameuma mara moja tu, pale pale, kisha wakaacha."

"Panya wako hivyo," Ravola akasema.

Ubao wa mwisho wa msumeno ulikuwa ule wa karibu na mlango. Aliutoa mwaka ambao Faralahy, kitinda mimba wao, alikuwa anaoa, nywele za Ratovo zimeshakuwa za rangi ya jivu. Alipougonga mpya ukaingia, alishusha pumzi iliyokuwa imekaa humo ndani toka siku ya mvua. Pale kwetu hakukuwa tena na nyumba ngumu kuliko ile. Akala viazi, akalala kama gogo.

Nguzo tatu za Faralahy zililetwa wiki ile ile, zikalazwa uani ili zikatwe ncha na kulinganishwa urefu. Faralahy alikuwa na haraka kama bwana harusi yeyote, alishainua shoka.

"Ngoja, mwanangu," Ravola akasema. "Ukishakata ncha zote utajuaje?"

Akachomoa kisu kiunoni. Akainama kwenye nguzo ya kwanza upande wa shina, juu kidogo ya mahali patakapokatwa, akaweka pembeni pengo dogo, mkato mmoja wa kushuka na mmoja wa kupanda, akapuliza vumbi. Akaenda kwenye ya pili. Hakutazama hata mkono wake, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

Ratovo alikuwa amesimama na msumeno wa mkono. Aliuweka chini. Akaenda nyuma ya nyumba, akainama, akaingia bandani mwa kuku. Kuku walitoka kwa makelele na yeye akabaki humo. Alipapasa ubao mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulikuwa na pengo, kwenye ncha moja tu, mikato miwili, mmoja wa kushuka na mmoja wa kupanda. Na kila mmoja, alikumbuka vizuri kwa sababu aliuchomoa kwa mkono wake, pengo lilikuwa chini.

Alipotoka alikuwa na manyoya kichwani. Ravola alikuwa ameingia ndani kuchochea moto. Ratovo akaingia, akafunga mlango, akakaa.

"Mama Vony. Wale panya."

Ravola akapuliza moto kwanza. "Eeh," alisema. "Wale."

"Ulizitia alama zote?"

"Kila niliyoipokea, za watu na zetu. Udongo ulikuwa wa kuwaridhisha watu. Mimi nilijua kuna mvua."

"Na udongo niliopaka mimi siku ile, mkiwa shambani?"

"Niliuona. Ulipatia karibu nusu."

Ratovo alitazama kuta, wa upepo, wa mlango, ule wa nakshi. Alihesabu majira ya baridi, akaacha.

"Kwa hiyo nyumba ilikuwa sawa. Toka siku ile."

"Ilikuwa sawa."

"Na mimi nimeing'oa yote, ubao kwa ubao, ikiwa sawa."

"Zilikuwa nyembamba," Ravola akasema. "Uliniambia mwenyewe."

"Ravola." Hakuwa amemwita jina lake toka Vony alipozaliwa. "Kwa nini hukusema?"

"Ungeacha."

Akamsogezea bakuli la magimbi, akamwondoa unyoya mmoja kichwani, akautupa motoni. Ratovo alikaa na bakuli mikononi bila kula. Kwa mazoea ya zamani alisubiri jirani acheke. Rabao alikuwa pale pale nje kwake, mzee sasa lakini masikio mazima, akimenya magimbi yake. Hakusikia neno.